Nisindikize Mpaka Njia Panda

Majengo, Mpanda
Jumapili, tarehe 15 Juni

Kwa Dada Hana,

Amahoro, dada yangu. Naanza na salamu kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kwamba barua inayotanguliza shida kabla ya salamu ni karipio. Hujambo? Mama je, ule mguu wake wa kulia bado unamsumbua asubuhi, au baridi ya mwezi huu imemhurumia? Shemeji amefikia wapi na maharage, ameshapiga yote au bado yako uani yanawanenepesha kuku? Na Agape, ameota yale meno ya mbele, au bado anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na nimenenepa kidogo, ingawa najua Mama akiniona atasema nimekonda.

Najua unashangaa kupata barua ya mkono zama hizi za simu. Dada, nimekupigia tangu Pasaka. Kile kisimu chako cha tochi kinaita mpaka kinachoka chenyewe. Ujumbe nimetuma, hujajibu hata mmoja. Nikakumbuka nilipokuwa bwenini kidato cha kwanza, wewe ndiye uliyekuwa ukiniandikia kila mwezi, na mimi sikuwahi kuzikataa barua zako hata zile za kunichapa kwa maneno. Nikasema basi, na mimi nitaandika, maana Hana namjua, hawezi kuitupa barua kabla hajaisoma, ana udadisi huyo! Jirani yako Jean-Marie amekubali kuileta kwenye pikipiki yake pamoja na hicho kifurushi nilichokifunga kwa gazeti. Tafadhali kifurushi usikifungue sasa. Soma kwanza mpaka mwisho.

Habari kubwa ya huku ni kwamba Alhamisi iliyopita mdogo wako amepigiwa makofi. Tena siyo makofi ya adabu yale ya watu wanaosubiri chai. Watu walisimama, dada. Ukumbini walikuwepo waganga wa zahanati, maofisa wa wilaya zote, wakubwa wa shirika letu, na wahudumu wa afya wenzako karibu wote. Nilivaa lile shati la kitenge ulilonishonea, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sikuona aibu ya kusema nimezaliwa Mishamo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi. Nimeringa, sikatai. Hata leo natembea Majengo kifua mbele kama jogoo wa jirani. Ila makofi yale hayakuwa ya jambo unalolidhania, kwa hiyo niruhusu nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka Januari mlipoitwa Mpanda wahudumu wa afya sitini, kila mmoja akapewa simu yenye programu ya kuandikia ziara za nyumbani. Mlifundishwa kwamba mkifika kwa mama mjamzito au mwenye mtoto mchanga muandike palepale, mbele ya mwenye nyumba: jina, uzito, dalili za hatari, siku ya kurudi. Ukimaliza unabonyeza Hifadhi, basi. Programu ile tuliitengeneza watu wawili tu, mimi na Zuhra, yule binti wa muuza vitenge hapa mtaani. Zuhra alishughulika na upande wa ofisini, kule taarifa zinakopokelewa. Mimi nilishughulika na kile mnachokiona kwenye kioo: kurasa, vitufe, na jinsi ukurasa mmoja unavyoupisha mwingine.

Na hapo kwenye kupishana ndipo nilipoweka roho yangu yote. Nilitaka ukibonyeza Hifadhi, ukurasa wa zamani uteleze kwenda kushoto taratibu, na mpya uingie kutoka kulia, laini, bila kishindo, mtu aone kabisa kwamba ametoka chumba hiki kaingia kile. Nilikaa wiki tatu juu ya mtelezo huo peke yake. Zuhra alinicheka, akaniuliza kama namtengenezea bibi harusi shela au natengeneza programu ya kupimia watoto. Nikamjibu kwamba watu wa kijijini nao wana macho, na wana haki ya kitu kizuri. Jibu hilo nililipenda sana, nikalirudia kwa kila aliyeniuliza na kwa wengi ambao hawakuniuliza.

Tatizo lilikuwa moja. Simu mlizogawiwa ni za bei rahisi, na kila simu ilipokuwa inaandika taarifa kwenye kumbukumbu yake, mtelezo wangu ulikwamakwama kidogo, kama baiskeli yenye mnyororo mkavu. Niliona aibu. Basi nikahamisha mpangilio: ukurasa uteleze kwanza, utulie kabisa, ndipo simu iandike. Mtelezo ukawa laini kama siagi. Nikakuita kwa simu ya video nikuonyeshe, ukanipongeza, ukamwita na Mama aje aone. Nakumbuka Mama aliuliza ule ukurasa ulioondoka umekwenda wapi, na sote wawili tukamcheka.

Sasa tuje Pasaka. Nilikuja nyumbani na zawadi zangu na maringo yangu, na tulipomaliza kula ulinivuta pembeni ukaniambia kwamba programu inakupotezea watu. Ulisema unaandika vizuri, unabonyeza Hifadhi, halafu unabonyeza kurudi, kesho yake ukitafuta jina halimo. Ulitaka kunionyesha. Na mimi, dada, mbele ya shemeji na jirani zako waliokuja kunisalimia, nilicheka. Nilisema nyie watu wa Mishamo simu hamzijui, mnabonyezabonyeza kama mnapukuchua mahindi, halafu mnasingizia programu. Nyie watu wa Mishamo! Utadhani mimi nilizaliwa ufukweni Dar es Salaam. Ulikusanya vyombo ukaingia ndani.

Jioni ile nilipoaga, ulisimama kizingitini ukasema safari njema. Ukabaki palepale. Nilitembea peke yangu na begi langu, nikipita nyumba moja baada ya nyingine, watu wananitazama. Kwetu unajua maana yake. Mama alituambia tangu tungali wadogo kwamba hata marehemu tunamsindikiza, asiyesindikizwa ni mwizi peke yake. Tangu nimeanza shule hujawahi kuniacha kabla ya njia panda ya kisimani, hata ile mvua ya mawe ulinifikisha ukiwa umejifunika karai. Nilijifanya sijali. Nilifika Mpanda nikiwa na hasira na wewe, hebu fikiria, mimi ndiye niliyekasirika!

Mwanzoni mwa Mei nikasikia wamekunyang'anya simu. Nikasikia na jinsi ilivyokuwa: kwamba msimamizi wetu, Bwana Maximilian, alikuja zahanati siku ya kliniki, akasoma mbele ya akina mama wote kwamba kwa miezi mitatu umedai kufanya ziara sitini na tatu na kwenye mfumo zimeonekana ishirini na mbili. Akasema wanaodanganya kuhusu wajawazito wanacheza na roho za watu. Jean-Marie aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia. Alisema hukulia wala hukubishana, uliweka simu mezani, na juu yake ukaweka daftari lako la mistari ulilokuwa ukiandikia ziara zako zote kwa kalamu, ukamwambia msimamizi akipata nafasi alisome. Halafu ukachukua baiskeli yako ukaondoka. Alisema tangu siku hiyo wapo wanaokuita Hana wa ziara hewa.

Jina hilo lilinichoma, dada. Wewe ambaye ukikuta shilingi njiani unaulizia kijiji kizima! Lakini nilijiambia pengine kweli ulichoka, pengine uliandika ziara ambazo hukuzifanya, binadamu ni binadamu. Nakuandikia ukweli wote maana mficha uchi hazai.

Katikati ya Mei Bwana Maximilian aliniagiza niende Usevya. Mhudumu wa pili kwa ziara kupotea alikuwa Tereza, mama mmoja wa makamo wa huko Mpimbwe, na msimamizi alitaka nitembee naye siku nzima nione anakosea wapi kabla naye hajanyang'anywa simu. Nilikwenda nikiwa na kalamu na karatasi ya kuorodhesha makosa yake. Tereza alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akaniuliza kama viatu vile vyeupe nimekuja kulimia au kuchezea disko. Tulivuka majaruba ya mpunga, na kufika nyumba ya kwanza vilikuwa vyeusi.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Mzee Lyamba, na mkwe wake alikuwa na mtoto wa wiki mbili. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama Tereza kazini. Aliandika vizuri kabisa, kila kitu mahali pake, hata uzito alirudia kuuliza mara mbili. Nikaanza kuona karatasi yangu itarudi tupu. Kisha akamaliza. Mzee Lyamba alipoona anamaliza, akanyanyuka, akashika fimbo yake, akasimama mlangoni akingoja kumsindikiza mgeni. Mzee wa miaka themanini na zaidi amesimama juu ya fimbo anakungoja wewe! Tereza alibonyeza Hifadhi, papo hapo akabonyeza kurudi, akaisokomeza simu kwenye pindo la khanga, akapiga goti kumshukuru, wakaongozana. Muda wote huo haukufika wa kumeza mate.

Njiani nilimuuliza kwa nini anabonyeza kurudi. Tereza alinishangaa kama nimemuuliza kwa nini anafunga mlango akitoka. Alinieleza kwamba mle mna habari za mwili wa mke wa mtu, na yeye hawezi kutembea na kijana wa watu au mzee wa watu huku jina la mkwe wao liko wazi kiganjani. Anaingia kwenye ukurasa kama anavyoingia ndani ya nyumba, na akitoka anatoka kwa njia aliyoingilia. Tena akasema wazee hawapendi kusindikiza mtu aliyeinamia simu, ni dharau.

Nikamwomba atoe simu tutafute jina la yule mtoto. Halikuwemo.

Dada, nilikaa chini pale kwenye tuta la jaruba na suruali yangu ya ofisini. Nilielewa vyote kwa pamoja. Kwenye simu yangu mpya mtelezo ule unachukua kufumba na kufumbua. Kwenye simu zenu za kugawiwa, ambazo pia mmezijaza video za kwaya, unachukua sekunde mbili nzima. Na mimi niliamuru simu isiandike kitu mpaka ukurasa umalize kuteleza na kutulia. Mtu akibonyeza kurudi ukurasa ukiwa bado njiani, programu inaona amebadili mawazo, inageuza, inarudi, na maneno yote yanamwagika. Haitoi hata onyo. Nilijaribu programu ile mara mia tatu chumbani kwangu hapa Majengo, kitandani, peke yangu, na kila mara nilisubiri ukurasa umalize kuteleza, kwa sababu nilikuwa naupenda kuutazama. Hakuna mzee aliyekuwa amesimama mlangoni akinisubiri.

Halafu likaja lingine, na hili ndilo lililonifanya nishindwe kula wali wa Tereza, na wali wa Usevya unaujua. Niliwaza kwa nini wahudumu wengine hawapotezi watu. Nilimuuliza Tereza, akacheka kwa chati, akasema yeye si msemaji wa watu, lakini wapo wanaojaza ziara zote za wiki siku ya Jumapili, wamekaa zao kivulini na chai. Hao hakuna anayewasindikiza. Hao wanabonyeza Hifadhi na kuutazama ukurasa ukiteleza mpaka mwisho. Kwa hiyo aliyekwenda nyumba kwa nyumba, akakaa, akapokelewa, akasindikizwa kwa heshima, ndiye programu yangu ilimwonyesha mwongo. Na aliyependwa zaidi ndiye aliyepoteza zaidi. Wa kwanza kwenye orodha ya waongo alikuwa wewe.

Nilirudi Mpanda na gari la kwanza asubuhi. Zuhra alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wallahi shela la bibi harusi limekanyagwa, halafu hakunicheka tena. Tulifanya kazi siku nne. Kwanza tuligeuza mpangilio: ukibonyeza Hifadhi simu inaandika kwanza, hapohapo, kabla ukurasa haujasogea hata unywele. Mtelezo ukikwama na ukwame. Ukibonyeza kurudi katikati, ukurasa unarudi kwa njia ileile uliyojia, lakini maneno yako yamekwisha kuwekwa, hayamwagiki. Na kama hukubonyeza Hifadhi kabisa ukataka kutoka, programu inakuuliza kwanza, na hata usipojibu inakutunzia ulichoandika mpaka utakaporudi. Zuhra alitaka tuuondoe mtelezo wote. Nilimwomba tuuache, mfupi, kwa sababu siku ile Mama alipouliza ukurasa umekwenda wapi aliuliza swali la maana, na sisi tukamcheka. Sasa unaona ulipokwenda, na ukirudi unaona unatokea ulikokwenda.

Kisha tukaujaribu kama unavyotakiwa kujaribiwa. Nilikaa ndani na simu ya bei rahisi iliyojaa video za kwaya, Zuhra akasimama mlangoni na ufagio badala ya fimbo, akijifanya Mzee Lyamba, na kila nilipomaliza kuandika alinisindikiza mpaka kwenye kona ya duka la baba yake, tukarudi, tukaanza tena. Mara arobaini. Majirani walituuliza kama tunafanya mazoezi ya harusi. Hakuna jina lililopotea hata moja.

Nilipomweleza Bwana Maximilian, na kwamba wewe ni dada yangu, alikunja uso. Alisema maneno ni rahisi, na kwamba ndugu kumtetea ndugu si ushahidi. Ndipo nilipomkumbusha lile daftari. Alikuwa nalo droo ya chini, hajalifungua. Alilifungua mbele yangu, akasoma ukurasa, akasoma mwingine, akalifunga akaondoka bila kuaga. Kesho yake alikwenda Mishamo kimyakimya, wala hakupita kwako, akaanza kufuata daftari lako nyumba kwa nyumba. Sitasahau sura yake aliporudi. Alisema amefika nyumba kumi na mbili, na zote ni kweli, tarehe ni kweli, uzito ni kweli. Alisema yuko mama mmoja aliyevimba miguu na uso, ambaye kwenye mfumo hayumo kabisa, na ambaye wewe ulimpakia kwenye baiskeli yako ukaisukuma mpaka zahanati, na leo ana mtoto wa kiume anayelia mpaka nyumba ya tatu. Alisema pia kwamba kila nyumba walimsindikiza mpaka barabarani, akashindwa kukataa, na mpaka ya kumi na mbili miguu ilikuwa inamwaka moto.

Kwa hiyo Alhamisi, dada, nilipopewa nafasi ya kuonyesha programu mpya, nilisimama mbele ya ukumbi mzima nikaeleza yote. Nilisema kosa halikuwa la wahudumu, lilikuwa langu. Niliwaonyesha ukutani, kwa picha kubwa, jinsi ukurasa wangu mzuri ulivyokuwa unakula majina ya watoto. Nikasema mhudumu aliyeitwa mwongo kuliko wote ndiye aliyekuwa mkweli kuliko wote, anaitwa Hana, wa Mishamo, na ni dada yangu wa tumbo moja. Nilishika daftari lako juu. Tereza wa Usevya akapiga kigelegele huko nyuma, na watu wakasimama. Makofi yale yalikuwa yako. Mimi nilikuwa nimeyabeba tu. Lakini niliyabeba kwa fahari ambayo sijawahi kuwa nayo.

Sasa limebaki jambo moja ambalo hulijui, na ambalo sikulisema Alhamisi kwa sababu linakuhusu wewe kwanza kabla ya ukumbi.

Wiki ile baada ya Pasaka, kabla hawajaja kukunyang'anya simu, Bwana Maximilian aliniita ofisini. Aliniagiza nitoe kwenye mfumo orodha ya wahudumu ambao ziara zao haziendani na walichoripoti. Mimi ndiye niliyeitoa, dada. Kwa mikono hii. Jina lako lilitoka juu kabisa. Hakujua kwamba ni dada yangu, maana wewe unatumia jina la shemeji. Akaniuliza, kwa haki kabisa, kama kuna uwezekano wowote programu inapoteza taarifa. Na mimi niliyekuwa nimesikia kwa masikio yangu, siku nne tu nyuma, kutoka mdomoni mwako, kwamba ukibonyeza na kurudi jina linapotea, nilimwambia hapana. Nilimwapia. Nilisema programu hii haipotezi kitu, anayepoteza ni mtu. Nilikuwa bado na hasira ya kuachwa kizingitini, na nilikuwa naona aibu kwamba mtelezo wangu unaweza kuwa na doa. Nikanyamaza juu ya jina lako. Orodha ile ndiyo aliyokuja kuisoma zahanati.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika likawa lako. Nilikuacha ukiitwa mwongo, na niliyedanganya nilikuwa mimi. Mchana ule Usevya, pale kwenye tuta, nililia kwa hili kuliko lile la programu. Programu niliikosea kwa kutojua. Wewe nilikukosea nikijua nusu yake, na ile nusu nyingine sikutaka kuijua. Nisamehe, dada. Jumatano, siku moja kabla ya mkutano, nilimweleza Bwana Maximilian na hili pia. Alisema adhabu yangu utaipanga wewe.

Sasa fungua kifurushi. Ndani mna simu yako ileile, ikiwa na programu mpya, na daftari lako. Ziara zako zote arobaini na moja zilizopotea nimeziingiza mwenyewe kwa mkono kutoka kwenye mwandiko wako, moja moja, na kila niliyoingiza niliibonyeza kurudi katikati ya mtelezo makusudi, nione kama itabaki. Zote zimebaki. Mna pia barua ya Bwana Maximilian yenye mhuri. Atakuja yeye mwenyewe siku ya kliniki, tarehe ishirini na nne, asome barua hiyo palepale, mbele ya akina mama walewale. Shirika pia linakuomba Julai uje Mpanda uwafundishe wahudumu wapya. Waliniuliza somo liitweje. Nikasema liitwe Kuingia na Kutoka Nyumbani kwa Watu, na mwalimu akisharidhika nalo ndipo liandikwe.

Mimi nitakuja na Bwana Maximilian siku hiyo ya kliniki, nisimame nyuma kabisa nisikilize. Kisha nitapita nyumbani kumwona Mama na kula chochote mtakachopika, hata kama ni ugali wa jana. Hutakiwi kuniambia umenisamehe. Najua hupendi maneno mengi, na mimi nimeshasema ya kututosha wote wawili. Ila nitakapoaga jioni, dada, nitaichukua simu yangu niizime, niiweke ndani ya begi. Kama umeweza kunisamehe, nisindikize. Hata mpaka kwa jirani inatosha. Ukinifikisha njia panda ya kisimani, nitajua.

Mpe Mama salamu zangu, na umwambie ukurasa ule ulikuwa kweli umepotea, yeye peke yake ndiye aliyeona. Shemeji msalimie, Agape mbusu kwenye hilo pengo. Jean-Marie mpe hata maji ya kunywa, barabara ina vumbi hatari. Zuhra anakusalimu sana, ingawa hamjaonana. Anasema akija Mishamo yeye atataka kusindikizwa na kuku.

Ni mimi mdogo wako, ninayejivunia kuitwa mdogo wako,

Abednego